Kiti kimoja Ginza: uchambuzi wa kisa cha kutafuta nafasi kwenye kaunta ya sushi

"Shemeji, nitafutie viti viwili pale." Ujumbe ulikuwa huo tu, na chini yake video ya dakika tatu: mikono ya mpishi ikifinyanga wali, kipande cha jodari kikilazwa juu yake, na mlaji mmoja akifumba macho kana kwamba ameitwa na mtu wa mbali. Ilikuwa mwishoni mwa Agosti. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa anakuja Tokyo kikazi katikati ya Oktoba kwa siku tano, na safari hii dada angefuatana naye. Mimi niko Tokyo mwaka wa sita na Kijapani nakimudu. Kwa hesabu ya ndugu zangu, basi, jambo lilikuwa dogo: napiga simu, natamka majina, yamekwisha.

Nilipata kiti kimoja, cha mchana, baada ya wiki sita. Naandika kisa hiki kwa sababu tulikosea karibu kila palipowezekana kukosea, na kwa sababu kilichotuokoa tulikuwa nacho tangu siku ya kwanza, tukikiruka. Jina la kaunta nalihifadhi. Wenyewe hawakutukosea kitu, na wanaolitafuta hawahitaji msaada wangu.

Iko Ginza, mtaa wa katikati ya Tokyo, ghorofa ya nne ya jengo jembamba ambalo lifti yake haibebi zaidi ya watu wanne. Viti vinane. Mpishi mkuu mmoja, wasaidizi wawili, na mke wa mpishi anayeshika daftari na malipo. Jioni kuna zamu mbili za wageni, saa kumi na moja na nusu na saa mbili na nusu. Mchana zamu moja, saa sita. Wote huketi pamoja na kuanza pamoja, kwa hiyo akichelewa mmoja wanasubiri wote. Menyu hakuna: unamwachia mpishi aamue, ndiyo maana ya neno omakase. Jumapili wamefunga, na Jumatano pia, kwani soko la samaki la Toyosu, lililorithi kazi ya soko la zamani la Tsukiji Oktoba 2018, hulala Jumapili na Jumatano nyingi. Mpishi wa aina hii hatumii samaki wa jana, isipokuwa yule aliyemkusudia awe wa jana; jodari, kwa mfano, hulazwa siku kadhaa ili ladha ikomae.

Hesabu ambayo hatukuipiga

Shemeji angefika Jumamosi usiku na kuondoka Alhamisi asubuhi. Toa Jumapili na Jumatano. Zinabaki Jumatatu na Jumanne, na kwa kuwa mchana alikuwa na mikutano, zinabaki jioni mbili. Jioni mbili, zamu mbili kila jioni, viti vinane kila zamu: 32. Hivyo ndivyo viti vyote vilivyokuwepo duniani kwa ajili yake, kabla mtu mwingine yeyote hajanyoosha mkono.

Na wengine walishanyoosha zamani. Kaunta kama hii hujazwa kutokea ndani. Mteja wa miaka anapolipa na kuvaa koti, hapo hapo anachukua tarehe yake ya safari ijayo. Wapo wanaochukua kaunta nzima kwa usiku mmoja na kuleta marafiki saba. Wapo wanaokuja kila mwezi, juma lile lile, kiti kile kile. Kalenda inapofunguliwa kwenye intaneti, kinachotolewa si viti vinane. Ni masazo ya viti vinane.

Kwa wakubwa zaidi hata masazo hayapo. Novemba 2019 mwongozo wa migahawa wa Michelin wa Tokyo ulipotoa toleo la 2020, kaunta za sushi za Sukiyabashi Jiro na Sushi Saito, zote mbili zikiwa na nyota tatu, daraja lake la juu kabisa, hazikuwemo. Si kwamba chakula kilishuka. Mwongozo ni wa mahali ambapo mtu wa kawaida anaweza kuweka nafasi akala, na hapo palikuwa hapaingiliki tena kwa njia hiyo. Barack Obama mwenyewe, Aprili 2014, alikula kwa Jiro akiwa amepelekwa na mwenyeji wake, waziri mkuu Shinzo Abe. Nilimtania shemeji: rais wa Marekani alihitaji mwenyeji, wewe unataka kwenda na kadi ya benki.

Wajapani wana msemo, ichigen-san okotowari, yaani mgeni wa mara ya kwanza hapokelewi. Unahusishwa zaidi na nyumba za chai za Kyoto. Kwa sikio lililolelewa na "mgeni njoo, mwenyeji apone", msemo huo ni kama mlango unaofungwa usoni. Ila chanzo chake ni biashara zaidi kuliko kiburi. Nyumba zile hazikudai pesa mlangoni. Hesabu ilitumwa baadaye. Aliyekuleta ndiye aliyekuwa dhamana yako, na ukikimbia deni, linamwangukia yeye. Kaunta yetu haikuwa kali kiasi hicho, lakini swali lake lilikuwa lile lile: huyu nani anamjua?

Kinyume cha mambo ni kwamba sushi ya kufinyanga kwa mkono ilianza kama chakula cha haraka. Katika Edo, yaani Tokyo ya zamani, miaka ya 1820, Hanaya Yohei ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wake, na ililiwa kwenye vibanda, mtu akiwa amesimama, kisha huyo anaondoka. Vibanda vya kula wima vipo Tokyo hata leo, na baadhi ni vizuri sana, nafasi haiwekwi. Nilimwambia shemeji. Akanijibu kwa kunitumia ile video mara ya pili.

Saa nne ya wapi?

Kaunta hii hufungua nafasi za mwezi unaofuata kila tarehe 1, saa 10:00 kwa saa za Japani, kupitia mtandao wa kuweka nafasi unaotaka akaunti na kadi kwa jina la atakayekula. Nisingeweza kumfanyia, ilibidi afanye mwenyewe. Nikamwandikia: "Tarehe 1, saa nne asubuhi kamili, uwe umeshaingia kwenye akaunti."

Saa nne ya wapi? Sikusema. Yeye akaweka kengele ya saa nne asubuhi ya kwao, akanywa chai, akaketi mbele ya kompyuta. Tokyo ilikuwa saa kumi jioni. Kalenda za Kijapani huonyesha nafasi kwa alama tatu: duara ni zipo, pembetatu ni zimebaki kidogo, alama ya kuzidisha ni zimekwisha. Alichokiona ni Oktoba nzima ya alama za kuzidisha, mstari kwa mstari, kama daftari la mtoto aliyekosa hesabu zote.

Kosa lilikuwa langu. Kinachouma zaidi ni kwamba dawa yake ilikuwa ndani ya Kiswahili chetu. Tokyo iko saa sita mbele ya Afrika Mashariki, na saa ya Kiswahili nayo inatofautiana na namba za kimataifa kwa saa sita. Zinaoana. 10:00 ya Tokyo ni saa kumi alfajiri kwetu. 12:00 ya Tokyo ni saa kumi na mbili asubuhi. Isome namba ilivyo, itamke Kiswahili, umepata saa ya kuamka. Japani haisogezi saa zake kwa majira, kwa hiyo kanuni haiharibiki mwaka mzima. Ningeandika "saa kumi" tu, angeamka alfajiri.

Angepata? Jioni, sina hakika kabisa. Mimi mwenyewe niliuchungulia ukurasa saa 10:03 nikiwa kazini, nikidhani yeye naye yumo anapambana. Jioni zote zilikuwa zimeshakwenda. Zilikuwepo pembetatu mbili, zote za mchana, moja ya Jumanne. Niliziona, nikazipita. Tulikuwa tunatafuta jioni, tena viti viwili. Mchana haukuwemo kichwani. Nikirudia kisa hiki, dakika hiyo ndiyo inayonirudisha nyuma. Sikukosa taarifa. Niliiona, nikaihukumu kuwa si yetu.

Simu, na sentensi niliyoidharau

Siku mbili baadaye nilipiga simu saa tisa alasiri, kati ya mchana na jioni, wakati mikono yao inapumzika kidogo. Kupigia kaunta wakati wa huduma ni kumtoa mtu kwenye samaki; wengine hawapokei, na wakipokea, jibu huwa fupi. Alipokea kijana, nadhani msaidizi wa pili, sauti ya mtu aliyefundishwa kusema polepole. Akauliza mambo matatu kwa mpangilio. Mmeshawahi kufika kwetu? Wangapi? Kuna asiyekula kitu chochote?

Nikajibu: bado, wawili, hakuna. Jibu la tatu nililitoa bila kumuuliza dada yangu.

Kukataa kwa Kijapani kuna ngazi zake. Hakuna aliyesema hapana. Kwanza alivuta pumzi kupitia meno, kisha akaomba radhi kwa neno zito zaidi ya lile la kawaida, kisha akasema Oktoba ni ngumu. "Ngumu" hapo maana yake haiwezekani, na anayeendelea kusukuma baada ya neno hilo anaonekana hana masikio. Sikusukuma. Ndipo akaongeza, kwa sauti ile ile: nafasi zikirudi, huwa tunazirudisha kwenye kalenda.

Nikashukuru, nikakata. Niliichukua sentensi ile kama maneno ya kusindikizia mgeni, kumbe ndiyo ilikuwa jibu. Alikuwa ananieleza kwamba hawana orodha ya kusubiri, kwamba hawampigii mtu simu, kwamba kiti kikiachwa kinarudi hadharani bila tangazo na atakayekikuta ndiye wake. Ningekuwa nimesikiliza vizuri, ningeachana na hangaiko la wiki tatu zilizofuata.

Mdhamini wa hoteli na mlanguzi

Wiki hizo tatu tulizitumia kutafuta mtu wa kutuingiza. Shemeji alisikia kwamba hoteli kubwa zinaweza. Ni kweli kwa kiasi. Dawati la wageni la hoteli ya kifahari lina uzito kwa sababu lina historia na kaunta: limepeleka wageni miaka mingi, wamefika kwa wakati, na mgeni akikosa kutokea hoteli inaona aibu na inalipa. Baadhi ya kaunta hazipokei mgeni wa nje ila kwa mkono huo. Lakini huduma hiyo ni kwa mgeni anayelala pale, na yeye alikuwa amelipiwa na ofisi hoteli ya wafanyabiashara karibu na Ueno, ambako mapokezi ni mashine mbili na kijana mmoja. Akawaza kuhamia hoteli kubwa kwa usiku mmoja. Nilimzuia. Usiku mmoja kule ungezidi bei ya chakula chenyewe, na dawati haliahidi. Linaomba tu kwa niaba yako. Jioni mbili zilizojaa zinabaki zimejaa, aombe nani.

Kisha akapata mtu mtandaoni anayeuza nafasi: Jumanne jioni, watu wawili, yeni 30,000 juu ya bei ya chakula, "mtatumia jina langu".

"Shemeji, pesa ipo," aliniambia.

"Najua ipo, shemeji. Ila hapo hununui kiti, unanunua jina la mtu."

Kaunta hii iliandika wazi kwenye masharti yake kwamba nafasi haihamishwi. Mke wa mpishi humpokea kila mgeni mlangoni kwa jina. Mtu wa Afrika Mashariki akijitambulisha kwa jina la Kijapani, sidhani kama kuna haja ya kuendelea kueleza. Na muuzaji akiamua kughairi saa moja kabla, mnasimama kwenye lifti na risiti ya mtu asiyejulikana.

Si kila anayetoza ada ni mlanguzi, hilo niliweke sawa. Ipo mitandao inayopewa viti na kaunta zenyewe, inatoza ada iliyo wazi, na inabaki kuwa dhamana ya mgeni. Huwa najiuliza jambo moja tu: kaunta inalijua jina la atakayekaa? Ulanguzi wa nafasi umekera hadi nje ya Japani. Jimbo la New York lilipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia mitandao isiuze nafasi za migahawa bila makubaliano na migahawa yenyewe.

Ugumu wote huu una mzizi mmoja unaoshikika kwa mkono. Samaki hununuliwa asubuhi kwa idadi ya viti. Viti vinane, vipande vya watu wanane. Asipotokea mmoja, hakuna mpita njia atakayepanda ghorofa ya nne kuvila. Mwaka 2018 kundi la wataalamu lililoitishwa na wizara ya uchumi ya Japani lilikadiria kwamba wateja wanaoweka nafasi wasitokee huigharimu migahawa ya nchi hiyo kiasi cha yeni bilioni 200 kwa mwaka. Mgeni kutoka mbali, asiyejulikana, ambaye ndege yake inaweza kuchelewa na ambaye hatarudi tena hata akiaibika, ndiye mtu wa hatari zaidi kwenye hesabu hiyo. Nilipoanza kumtazama shemeji kwa macho ya mama wa daftari, sikumlaumu mama.

Jumatatu usiku

Mwanzoni mwa Oktoba nilikaa nikasoma masharti ya kughairi, jambo ambalo ningelifanya Agosti. Bure hadi siku nane kabla. Kuanzia siku ya saba, nusu ya bei. Kuanzia siku mbili kabla, bei yote.

Hapo ndipo sentensi ya yule kijana ilinirudia. Watu hawaghairi ovyo ovyo; hughairi pale adhabu inapokaribia kuanza. Mwenye mashaka na safari yake hukaa na kiti hadi usiku wa mwisho wa bure, kisha hukiachia. Kwa Jumanne yetu, usiku huo ulikuwa Jumatatu ya wiki iliyotangulia. Kukagua kalenda kila saa kwa wiki tatu, kama tulivyokuwa tukifanya kwa kubahatisha, ni kazi bure. Kuikagua usiku ule ilikuwa na maana.

Nilimwomba shemeji aniachie akaunti yake ikiwa wazi kwenye kompyuta yangu, jina lake na kadi yake. Nikatenga ndizi na maji, nikaanza saa tatu usiku. Kila dakika kumi naufungua ukurasa upya. Saa nne, alama za kuzidisha. Saa nne na nusu, Jumatatu jioni ilionyesha pembetatu. Nilipoigusa ilikuwa imeshaondoka. Saa tano kasoro dakika kumi, Jumanne mchana, saa sita: pembetatu. Niligusa. Kiti kimoja. Mtandao ukaniandikia kwamba umekishikilia kwa dakika tano, na sekunde zikaanza kuhesabu kurudi nyuma.

Kwao ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni. Nikampigia shemeji, akamwunganisha dada papo hapo.

"Kimoja tu, tena mchana," nikasema. "Mikutano yako je?"

"Jumanne mchana naweza kutoroka. Lakini mwenzangu je? Tungoje, huenda kikatoka kingine."

Dada akaingilia. "Mngoje nini? Mimi samaki mbichi sili. Tangu lini nimekula samaki mbichi? Nilinyamaza kwa kuwa mlishaamua. Chukueni hicho kimoja mnipumzishe."

Zilibaki dakika mbili na kitu. Nikabonyeza.

Tuurudie mchezo wote kwa jicho la maneno yale. Kwa wiki sita tulitafuta kitu ambacho nusu yake haikuhitajika. Kwenye kaunta ya watu wanane, wageni huja wawili wawili na watatu watatu. Watatu, wawili na wawili ni saba. Kimoja kinabaki pembeni, hakiwafai wanandoa wala marafiki, na mara nyingi ndicho kinachodumu kwenye kalenda kwa dakika kadhaa wakati vingine vinaondoka kwa sekunde. Huenda hata ile pembetatu ya tarehe 1 saa 10:03 ilikuwa kiti cha namna hiyo. Mchana nao tuliutupa kwa dhana tu. Shemeji aliona jioni ndiyo yenye heshima, mimi sikumpinga. Kwa zamu za mchana za siku zile mbili tulijinyima viti 16, na bei ya mchana ilikuwa nusu.

Na jibu langu kwa kijana wa simu, kwamba hakuna asiyekula kitu, lilikuwa uongo ambao sikujua ni uongo. Tungefanikiwa kupata viti viwili, dada angeketi mbele ya mpishi aliyenunua samaki wa sehemu yake asubuhi ile, akamrudishia kipande baada ya kipande. Kaunta nyingi haziwezi kumpikia mtu huyo kitu mbadala, na kwa mpishi ni sawa na kiti kitupu, ila kina mtu. Kukosa kwetu kulituepusha na fedheha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeiona ikija.

Jumanne mchana

Nilimsindikiza hadi mlango wa lifti. Nilishamwambia mambo mawili: usijipulizie manukato, kwa sababu harufu yake inawafikia wote saba, na ufike dakika kumi kabla, si ishirini, kwani hakuna pa kusubiria. Mengine anayasimulia yeye.

Anasema alikaa kiti cha mwisho kulia, karibu na ukuta, kile cha masazo. Kipande kilichomkamata hakikuwa jodari wa kwenye video. Kilikuwa kohada, samaki mdogo wa ngozi ya fedha yenye vidoa, aliyelazwa kwenye chumvi kisha siki. Mpishi alikiweka mbele yake, kikatulia, kisha kikashuka kidogo chenyewe kama mtu anayekaa vizuri kwenye kiti. Shemeji alishika vijiti, akamwona jirani anatumia vidole, akaviweka. Wali ulikuwa na joto la kiganja. "Nilidhani sushi ni ya baridi," aliniambia, akiwa amekasirika kidogo, kana kwamba kuna watu walimdanganya miaka yote. Kulikuwa pia na mayai ya samoni, ambayo Oktoba ndiyo majira yake. Saa moja na robo, kila kitu kimekwisha.

Jirani huyo, mzee wa tai ya kijivu, alilipa kwanza. Mama akatoa daftari, la karatasi, lenye kamba ya kuashiria ukurasa, na penseli. Maneno mawili matatu, mzee akainamisha kichwa, akaondoka. Shemeji aliyaona yote. Sisi husema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba ile daftari ndilo mali.

Zamu yake ilipofika, akalipa, kisha kwa Kiingereza chake na ishara za mikono akaomba naye aandikwe. Mama hakushangaa. Alifungua ukurasa mweupe, akainua penseli, akamwuliza: lini?

Shemeji hakuwa na tarehe. Alisimama pale kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Mama akasubiri kidogo, akalifunga daftari bila haraka, akampa kadi ya kaunta kwa mikono miwili.

Alinipigia akiwa bado ndani ya lifti. "Shemeji, mkutano wa mwakani ni tarehe ngapi?" Mkutano ni wake, ananiuliza mimi.